Nyayo za Simbilisi, na Deni la Mwenye Kufuga

Twataka leo kuuliza swali ambalo kwa kulisikia mara ya kwanza laweza kuwachekesha wasomaji wetu. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu anayefuga mnyama mdogo, asiye na nguvu wala sauti ya kulalamika, ana deni lo lote kwa mnyama yule? Hatuulizi habari za ng'ombe, maana katika nchi hii ya Rungwe ng'ombe ana heshima yake tangu zamani, na mtu akimwacha ng'ombe wake achechemee siku tatu, majirani watamsema. Twauliza habari za simbilisi. Tena si simbilisi mzima, ila nyayo zake tu. Atakaye kucheka na acheke kwanza, kisha atusikilize. Kwa maana sisi nasi tulicheka, na baadaye tukaona haya.

Simbilisi wengi wetu twamjua. Ni mnyama asiye na mkia, mwenye masikio madogo na miguu mifupi, na akikomaa uzito wake hukaribia kilo moja. Kila mguu wa mbele una vidole vinne, na kila mguu wa nyuma una vitatu. Ukimtazama kwa juu huioni miguu yake. Waona manyoya tu yakienda mbio, kama kitu kinachoteleza juu ya sakafu. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika milima ya Andes, ambako wenyeji wa Peru na nchi za jirani wamemfuga kwa maelfu ya miaka kwa ajili ya nyama. Wahispania walipofika huko katika karne ya 16, alichukuliwa akapelekwa Ulaya, na baadaye akaenea duniani. Siku hizi hufugwa katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, Iringa na Njombe na Mbeya, na watoto wengi huanza ufugaji wao kwake, kwa kuwa hahitaji zizi wala malisho mapana. Huko Kivu, mashariki mwa Kongo, watu humwita dende. Na katika vita vilivyoanza mwaka 1996, ng'ombe na mbuzi walipoporwa, nyumba nyingi zilitegemea mnyama huyu, kwa maana hufichika upesi, na mtu akikimbia aweza kumchukua kapuni. Basi si mnyama wa mchezo tu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifundisha katika kijiji kimoja kilicho chini ya Mlima Rungwe, si mbali sana na mji wa Tukuyu. Jirani yetu, bibi mmoja mzee, alikuwa na simbilisi wengi jikoni mwake. Hawakuwa na nyumba yao wenyewe. Walikaa kando ya mafiga, wakilala juu ya majani makavu ya migomba, wakila nyasi na maganda ya ndizi aliyowatupia. Usiku wa baridi walisogea karibu na majivu. Sakafu ikilowa upande mmoja, walihamia upande wa pili. Tulikwenda kwake, tukamwamkia, tukamwomba atuuzie wachache. Akatujibu, "Mwalimu, mwanangu, vitoto hivi haviuzwi kwa jirani. Chukua sita, wakizaa kwako, utanirudishia wawili." Tukamshukuru kwa lugha ya kwao, "Ndaga," tukaenda zetu.

Lakini mioyoni mwetu tulimhurumia Bibi kwa kudhani kwamba hajui. Tulijiambia kuwa mnyama kukaa jikoni ni uchafu, na kwamba mwalimu yampasa awaonyeshe watu njia iliyo bora. Tukamwita fundi, akatutengenezea kizimba cha mbao chenye miguu mirefu, na sakafu yake ikawa ya wavu wa waya, ili mavi na mkojo vidondoke chini, na kizimba kikae safi pasipo kufagiwa. Kilipokwisha kilikuwa kizuri kweli. Hapakuwa na harufu. Wageni walikuja kukitazama, na wazazi wawili wa wanafunzi wetu wakaenda makwao wakatengeneza kama hicho. Nasi kila asubuhi tuliwahesabu simbilisi wetu, tukaona wametimia, tukaenda shuleni kwa moyo mweupe. Hayo yalikuwa mwezi wa Desemba.

Kila aliyekaa Rungwe aijua mvua yake. Huanza Novemba na kuendelea hata Mei, na katika sehemu nyingine za wilaya hupita milimeta 2,000 kwa mwaka. Ilipofika Aprili, mmoja wa simbilisi wetu aliacha kukimbilia chakula. Wenzake walipiga kelele zao za furaha na kusukumana. Yeye alikaa pembeni amejikunyata, akaja nyuma ya wote, hatua kwa hatua. Tulimwita Mvivu, na jina hilo likawachekesha watu wa nyumbani.

Siku moja mwanafunzi wetu wa darasa la nne, binti aliyezoea kutuletea nyasi, aliangusha majani yake chini ya kizimba. Akainama kuyaokota, na alipokuwa chini aliinua macho, akatazama juu kupitia wavu. Akakaa vile vile kitambo. Kisha akasema, "Mwalimu, mbona nyayo zao zina vidonda?"

Tulimtoa wa kwanza, tukamgeuza. Nyayo za miguu yake ya nyuma zilikuwa nyekundu na zenye kung'aa, zimevimba. Wa pili alikuwa na kigaga cheusi katikati ya unyayo. Wa tatu na wa nne walikuwa kama wa kwanza. Wa tano alikuwa amevunjika kidole kimoja, yamkini kwa kunaswa katika tundu la waya. Wa sita alikuwa yule Mvivu. Mguu wake mmoja ulikuwa umekuwa mnene mara mbili ya mwenziwe, na kidonda chake kilitoa usaha. Na kucha zake, ambazo hazikuwa na mahali pa kulika, zilikuwa zimejipinda kama mundu, moja ikiwa imeingia ndani ya nyama. Ndipo yule binti akatuuliza, bila hasira wala lawama, kama mtoto aulizavyo, "Mwalimu, wameumwa tangu lini?"

Hatukuwa na jibu. Tunafundisha watoto hesabu na kusoma, nasi hatukuweza kujibu swali lile, ingawa wanyama wale walikuwa wetu, na kizimba chetu, na macho yetu yalikuwa yamewaona kila siku kwa miezi mitano.

Tulimwita bwana mifugo, naye akatufundisha mengi ambayo yafaa kila mfugaji ayajue. Ugonjwa ule wa nyayo, alisema, huanza na sakafu. Unyayo wa simbilisi hauna manyoya, wala hauna ngozi ngumu kama ya mbwa. Umeumbwa kukanyaga nyasi na udongo mwororo. Akisimama juu ya waya, uzito wake wote hukaa juu ya nyuzi nyembamba, mchana na usiku, na ngozi huchubuka. Sakafu ya mbao au ya saruji ikiwa na unyevu wa mvua na mkojo, ngozi hulainika na kupasuka. Hapo vijidudu huingia. Kwanza huwa wekundu, kisha uvimbe, kisha kidonda na usaha. Na kikiachwa, ugonjwa hushuka katika kano na mfupa, na kuponya kwake huwa kugumu sana. Tena simbilisi aliyenenepa mno huumia zaidi, kwa kuwa nyayo zake hubeba zaidi. Na aliyefungwa mahali padogo hunenepa kwa kukosa kutembea.

Kucha nazo zina neno lake. Simbilisi atembeaye juu ya udongo na mawe hupunguza kucha zake mwenyewe. Wa kizimbani hapati pa kuzipunguzia, basi hukua, hupinda, na kumfanya akanyage upande. Yafaa zikatwe ncha kila baada ya wiki chache, kwa uangalifu, kwa sababu ndani ya ukucha mna mshipa wa damu. Ukucha mweupe huonyesha mshipa ule kwa wekundu wake. Ukucha mweusi sharti utazamwe kwenye mwanga, na kukatwa kidogo kidogo. Damu ikitoka, unga laini wa mahindi ukibanwa pale huizuia. Walakini si kila kitu kisicho cha kawaida mguuni ni ugonjwa. Wazee wengine wa simbilisi huota sugu kando ya nyayo za mbele, na wengine huzaliwa na kidole kimoja cha ziada. Mambo hayo hayamdhuru mnyama, maadamu hayanaswi wala kupasuka.

Jambo la mwisho lilikuwa chakula, na hapo tulishangaa. Wakati wa mvua kubwa tulikuwa tumeona taabu kutafuta nyasi mbichi kila siku, tukawalisha zaidi pumba za mahindi na majani makavu. Bwana mifugo akatuambia kwamba simbilisi hufanana na binadamu katika jambo moja ambalo wanyama wengi hawafanani naye: mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Mbuzi aweza, ng'ombe aweza, panya aweza. Mtu na simbilisi hawawezi, hupata katika chakula tu. Wakikosa, hupatwa na kiseyeye. Kwa simbilisi dalili zaweza kuonekana kwa muda wa wiki mbili au tatu: maungo huvimba na kuuma, hutembea kwa shida, fizi hutoka damu, na vidonda vyake havifungi. Dawa yake ni majani mabichi na matunda. Mapera, ambayo huku hatuyathamini sana, yana vitamini C nyingi kuliko machungwa. Lakini majani ya mparachichi, ambayo siku hizi yamejaa mashambani mwetu, ni sumu kwake, na kadhalika majani ya viazi mviringo.

Tena tukajifunza kwamba sisi wanadamu tumekwisha kumkopa mnyama huyu mkopo mkubwa. Mwaka 1907 huko Norwei, waganga wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, walikuwa wakichunguza ugonjwa uliowapata mabaharia kwa sababu ya chakula chao. Wakawalisha simbilisi nafaka tupu, na simbilisi wakapatwa na kiseyeye kama mabaharia. Walipopewa mboga na matunda mabichi, hawakuugua. Kwa njia hiyo watu walipata mnyama wa kumchunguza ili kutafuta dawa ya kiseyeye, na baada ya miaka, Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alikitenga kitu chenyewe kiitwacho vitamini C, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937. Maungo yaliyovimba ya simbilisi yalitufundisha habari za maungo yetu. Nasi kule Rungwe tulikuwa na maarifa hayo yamekwisha kupatikana miaka mingi, tukawalisha pumba.

Tulifanya tuliyoweza. Tuliutoa wavu, tukaweka sakafu ya mbao iliyoinamishwa kidogo ili maji yasisimame, tukatandika nyasi kavu nene, na kuzibadili kila zilipolowa. Tuliziosha nyayo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, tukazikausha vema. Mtu mwema mmoja alituletea vidonge vya amoksilini vilivyobaki nyumbani kwake, lakini bwana mifugo akatuzuia upesi. Dawa za jamii ya penisilini, ambazo zimewaokoa watu wengi, kwa simbilisi ni mauti. Huwaua vijidudu vyema vya tumboni mwake ambavyo kwavyo huyeyusha chakula, naye hufa kwa kuharisha. Akatupa dawa nyingine iliyomfaa. Watano wakapona, wengine kwa wiki tatu, mmoja kwa miezi miwili. Mvivu hakupona. Ugonjwa ulikuwa umeingia mfupani, naye hakuweza tena kusimama. Bwana mifugo akatushauri asiachwe ateseke, akammaliza upesi kwa mkono wake. Hatukumla, maana mnyama mgonjwa haliwi. Tukamzika chini ya mgomba. Yule binti alikuwapo. Kabla ya kufukia alisema, "Hakuwa mvivu."

Sasa twarudi kwenye swali letu. Tulipowasimulia watu habari hii, walitujibu kwa namna mbalimbali, na majibu mengine yalikuwa na nguvu. Si haki kuyapita.

Mzee mmoja jirani alisema, "Mwalimu, hicho ni kitu cha chungu. Miguu yake itaingia chunguni pamoja naye. Yatupasaje kuitunza?" Twakubali kwamba simbilisi hufugwa aliwe, wala hatuoni aibu katika hilo, wenyeji wa Andes wamefanya hivyo tangu zamani, nasi twawala kuku na mbuzi. Lakini mzee wetu amechanganya mambo mawili. Siku ya kuchinjwa ni moja. Siku za kukanyaga ni nyingi. Kwa kuwa nina ruhusa ya kuyatwaa maisha yake siku moja, haifuati kwamba nina ruhusa ya kuyafanya machungu siku zote zilizotangulia. Hata mtu naye ataingia kaburini pamoja na miguu yake, wala hakuna asemaye kwa sababu hiyo kwamba mwiba usitolewe.

Wengine walisema, "Mbona hakulia? Kama angeumwa sana, tungalisikia." Hili lilikuwa wazo letu wenyewe pia. Lakini simbilisi ni mnyama wa kuwindwa. Huko alikotoka, aliyeonyesha udhaifu ndiye aliyekamatwa kwanza na ndege wa mawindo au na mbweha. Kwa hiyo asili yake ni kuficha maumivu, na kuketi kimya hata mwisho. Anapoonyesha waziwazi kwamba anaumwa, ameumwa siku nyingi. Basi kimya chake si ushahidi kwamba hana shida, wala si idhini.

Tena jambo hili halimhusu simbilisi peke yake. Zamani, tulipokuwa tungali wapya katika ualimu, katika shule moja iliyokuwa mbali na hapa, penye nchi kavu na vumbi jingi, tulikuwa na mvulana aliyebaki nyuma kila siku katika mchakamchaka wa asubuhi. Tulimgombeza mbele ya wenzake, na wenzake wakamcheka. Hakujitetea hata neno. Baada ya wiki nyingi, mama mmoja alituambia tumvue mtoto yule viatu vyake vilivyochakaa. Vidole vyake vilikuwa vimejaa funza. Funza naye ametoka bara lile lile alikotoka simbilisi. Aliletwa Angola kwa meli iliyotoka Brazili mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amekwisha kuvuka Afrika mpaka upande huu wa mashariki. Hukaa katika vumbi la sakafu za udongo. Mtoto yule hakuichagua sakafu aliyoilalia, wala hakuchagua kukimbia. Sisi tulimchagulia kukimbia, na hatukumtazama miguu. Tulipoliita lile jina Mvivu kizimbani, yatupasa kukiri, hatukulibuni siku ile. Tulikuwa tumekwisha kulitumia zamani kwa mtoto wa mtu.

Jibu la tatu lilitoka kwa mama mmoja mwenye watoto saba, nalo ndilo zito kupita yote. Alisema, "Watoto wa watu wanatembea peku katika matope haya, nanyi mwawatandikia simbilisi nyasi laini?" Hatutaki kumjibu mama huyu kwa wepesi. Kama fedha ya dawa ya simbilisi ingekuwa ndiyo fedha ya viatu vya mtoto, twasema bila kusita, nunua viatu. Mtu hatangulizwi nyuma ya mnyama. Wala hatusemi kwamba kila amhurumiaye mnyama humhurumia na mtu. Wamekuwapo watu waliowabembeleza mbwa wao na kuwapiga watumishi wao. Lakini tulipofanya hesabu ya deni tulilodaiwa na wanyama wale sita, tuliona kwamba haikuwa fedha. Lilikuwa konzi ya nyasi kavu, na kumgeuza kila mmoja mara moja kwa wiki na kumtazama chini. Hayo hayatoki katika sahani ya mtoto ye yote. Dawa tuliyolipia, na safari ya bwana mifugo, hiyo ilikuwa gharama ya kutotazama. Wazee walisema kweli kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta.

Basi, twaonaje? Je, tulikuwa na hatia? Siku za kwanza tulijitetea kwa neno moja: hatukujua. Na ni kweli, hatukujua. Lakini kutojua na kutotazama ni mambo mawili. Mtu asiyejua kwa sababu jambo limefichwa mbali naye, huyo na asamehewe. Lakini nyayo zile hazikufichwa mbali. Zilikuwa umbali wa mkono, zilifichwa na mwili wa mnyama mwenyewe tu. Tuliitazama sakafu kama ni safi, tukayatazama manyoya, tukayasikiliza maneno ya wageni. Tuliwahesabu, hatukuwatazama. Tena kizimba kile, tukiseme kweli, hatukukitengeneza kwa ajili yao. Tulikitengeneza kwa ajili ya pua zetu na kwa ajili ya sifa. Usafi wetu ulisimama juu ya nyayo zao.

Hapo ndipo tulipomkumbuka Bibi na jiko lake. Hatusemi kwamba jiko ni mahali pema kupita pote, kwa maana moshi una madhara yake, na wanyama na vyungu havifai kukaa pamoja. Lakini kwa Bibi simbilisi alikuwa na kitu kimoja ambacho sisi tulimnyang'anya: alichagua mahali pa kukanyaga. Penye maji alipaacha, penye majani makavu alipafuata. Kwetu kila mahali palikuwa waya. Na hii ndiyo hoja yetu yote kwa kifupi: yeye amchaguliaye mwingine sakafu, na kumwondolea njia ya kuikimbia, amejitwika deni la kuzikagua nyayo zake. Kadiri mwingine asivyoweza kuhama, ndivyo deni linavyozidi. Ng'ombe aliye malishoni hutudai. Aliyefungwa kamba hutudai zaidi. Simbilisi wa kizimbani hutudai kupita wote, ingawa ni mdogo kuliko wote. Udogo wake haulipunguzi deni.

Na kama hoja hii ni kweli kwa simbilisi, haiwezi kuwa uongo kwa watu. Mzazi humchagulia mtoto nyumba ya kulala, mwalimu humchagulia benchi la kukalia, mwenye shamba la chai humchagulia kibarua mstari wa kuchuma katika umande na matope. Kila mmoja wao aweza kusema, "Hajalalamika." Neno hilo halitoshi. Asiyeweza kuondoka, mara nyingi halalamiki.

Baada ya kumzika yule simbilisi tulikuwa na kazi moja iliyobaki, nayo ilitushinda siku mbili kwa haya. Tulikwenda nyumbani kwa wale wazazi wawili waliotengeneza vizimba kama chetu, tukawaambia kwamba tuliwaonyesha vibaya. Nyumba ya kwanza tulikuta nyayo zimeanza kuwa nyekundu. Wakatoa waya siku ile ile. Nyumba ya pili walikuwa wamekwisha kutandika nyasi juu ya waya tangu juma la kwanza. Mama wa nyumba alituambia kwa upole, "Niliweka mkono wangu juu yake, Mwalimu, nikaona unauma." Hakutuambia zaidi, wala hakukuwa na haja.

Bibi naye tulimrudishia wawili, kama tulivyoagana. Aliwapokea, akawageuza kabla ya kuwaachia, akazitazama nyayo zao moja moja kwenye mwanga wa mlango. Tulikuwa tumemwona akifanya hivyo alipotupa wale sita, nasi tulidhani anatafuta kujua dume na jike.

Siku hizi kila Jumamosi huwageuza simbilisi wetu wote. Yule binti alitufanyia kazi hiyo mpaka alipomaliza shule. Sasa aifanya mdogo wake. Hushika mmoja mmoja, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, akiwa ameketi chini, ili akimponyoka asianguke na kuvunjika mguu. Hutazama nyayo, hutazama kucha, hugusa maungo kama yamevimba, kisha husema, "Huyu mzima," na kumrudisha. Kazi yote haimalizi robo saa. Hatujui kama simbilisi watu hao wadogo washukuru. Lakini siku moja mmoja wao akionekana amechubuka, na mtoto akatuuliza tena, "Mwalimu, ameumwa tangu lini?", tutakuwa na jibu la kweli. Tutamwambia, si zaidi ya juma moja. Maana Jumamosi iliyopita tulitazama, na hapakuwa na kitu.